Habari za Tapkigen, Aliyefunika Chakula kwa Nta

Chumba nambari 6, nyuma ya duka la dawa,
Al Mansoura, Doha.
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa Jebet, mtoto wa kaka yangu,

Chamgei, mama wa mtoto! Nimeanza salamu ya kwetu na jina hilo makusudi, maana tangu ujifungue sijapata nafasi ya kukuita hivyo kwa maandishi. U hali gani? Mgongo umeacha kukuuma? Maziwa yanatosha? Na mtoto analala, au ndiye anayewapangia ninyi saa za kulala? Mutai naye ameshajifunza kumshika bila kutetemeka? Siku ile kwenye simu nilimwona amembeba kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye barabara ya mawe.

Mimi sijambo. Joto limepungua na sasa mtu anaweza kutembea hadi dukani bila kujuta. Magoti yananisumbua kidogo, lakini ni kwa sababu ya ngazi za kule Muaither, siyo uzee, usianze kunihesabia miaka. Mama mzee ninayemhudumia huko ameanza tena kukaa kitini mwenyewe, na binti zake wamenishukuru mpaka nikaona haya. Leo nimetoka ibadani Mesaimeer, nimefua sare zangu, na sasa nimekaa kitandani na daftari mapajani. Stacy, tunayeishi naye chumba kimoja, amekwenda kwa rafiki zake, kwa hiyo nina utulivu.

Barua hii ataibeba Owen, mwenzetu wa huku anayekuja likizo Jumanne. Kwenye mfuko atakaokuletea utakuta pia nguo za mtoto. Nimechukua kubwa kidogo, maana watoto wa kwetu hawachelewi kujaza nguo. Najua ningeweza kukutumia sauti kwenye simu, lakini sauti zinafutika na simu zinaibwa. Haya nataka mtoto ayakute akikua.

Kwanza nikushukuru kwa siku ile ya kumpa mtoto jina. Wengine wangesema, senge, yaani shangazi, yuko Uarabuni, ataambiwa baadaye. Wewe ulimwambia ndugu yako Kiprono anyanyue simu juu ya vichwa vya watu, nami nikaona yote. Niliwaona akina kogo, mabibi wa ukoo, wakitaja majina ya marehemu wa upande wa Mutai, moja baada ya jingine, wakimnusisha mtoto ugoro kidogo, na mtoto kimya. Wakayamaliza yao, wakageukia upande wetu. Aliyetaja jina la Tapkigen ni mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za kazini, nikalisema kwa sauti kubwa mpaka dereva wa nyumba akageuka kuniangalia, na hapo hapo mtoto akapiga chafya mara mbili, ndiyo kulikubali jina.

Halafu mama mkwe wako akasimama. Nilimsikia vizuri.

“Jina hilo haliingii nyumbani kwangu. Huyo ndiye mwanamke aliyewauzia wageni chakula watoto wetu wakifa njaa.”

Nikaona dari, nikaona kiatu cha mtu, kisha simu ikakatika.

Kesho yake uliniandikia: “Senge, huyo Tapkigen alikuwa nani? Na aliyosema Mama Mutai ni kweli?” Umesubiri jibu wiki tatu na hukunisukuma. Nisamehe. Jina nililitaja mimi, kwa hiyo jibu ni deni langu. Nilichelewa kwa sababu jibu lenyewe si fupi, na siwezi kukuambia kwamba mama mkwe wako alisema uongo.

Tapkigen alikuwa bibi yake babu yangu, yaani mama wa mzazi wake. Hakuna aliyeandika mwaka aliozaliwa, lakini alikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wakati misafara ya pwani ilipokuwa ikija Baringo kutafuta pembe za ndovu, kabla ya reli. Haya ninayokuandikia niliyasikia kwa bibi yangu, Kogo Kabon. Yeye aliolewa katika boma hilo akiwa msichana, na ndiye aliyempikia Tapkigen uji katika miaka yake ya mwisho. Kwa hiyo aliyapata kwa mwenyewe aliyeyatenda.

Mume wa Tapkigen, Kandie, alikuwa mrina asali. Mwaka mmoja tawi lilimkatikia, akaanguka na kuvunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakupanda mti tena. Walikuwa na watoto watatu na ng'ombe wawili, na mizinga imeachwa mitini. Tapkigen akapanda mwenyewe. Wakati ule mwanamke kupanda mzinga lilikuwa jambo la kuchekwa, na alichekwa sana. Wanaume walisimama chini ya mti wakimuuliza kama nyuki wamemtambua. Aliteremka na asali yake, akawapita.

Asali hiyo aliipeleka chini ziwani, ambako misafara ilipiga kambi kwa miezi kungoja nafaka. Siku moja alikuta msafara umeondoka na kuacha mpagazi mmoja ndani ya kibanda cha matawi, anahara damu, hawezi hata kufukuza inzi. Aliitwa Feruzi, mtu wa upande wa Pangani. Tapkigen akambeba mgongoni nusu ya njia, nusu nyingine akamburuta kwa ngozi, mpaka nyumbani.

Kandie alipomwona akasema, “Umeleta mgeni au umeleta kaburi?”

“Nimeleta mtu,” Tapkigen akamjibu. “Kama ni kaburi, tutajua kesho.”

Feruzi hakufa. Alikaa kwao miezi, akichota maji na kuchunga mbuzi, akajifunza maneno yetu kidogo, nao wakajifunza yake. Na jioni alikuwa akiwasimulia jinsi wapagazi wanavyoishi. Wakielekea kaskazini hupita siku nne au tano mahali pasipo kuni, na maji ni ya kugawa kwa kifuniko. Mtu amepewa unga wake, lakini hawezi kuupika. Akiula mbichi tumbo linavimba. Mvua ikiulowesha, unaoza. Ukikaa sana, fukusi wanaumaliza.

“Tunakufa tumebeba unga,” Feruzi aliwaambia. “Chakula kiko begani, na mtu anaanguka kwa njaa.”

Jambo hilo lilimkaa Tapkigen kichwani. Kogo alisema hakuweza kulinyamazia, alikuwa akisaga huku akiongea peke yake. Unajua jinsi wimbi unavyochachushwa siku tatu, ukakaangwa kwenye gae na kukaushwa, watu wakatengeneza pombe. Yeye akawaza kwamba kitu kilichokwisha kukaangwa hakidai tena moto. Akakikausha juu ya mwamba, akakitwanga, akakikanda na asali, akafinyanga matonge ya ukubwa wa ngumi. Tonge moja ukilivunja kwenye kibuyu cha maji baridi, unapata uji mzito wa kumshibisha mtu mzima.

Ya kwanza yaliliwa na siafu. Ya pili aliyafunga kwa majani, mvua ikanyesha, yakaota ukungu, na mbwa aliyepewa akakataa. Kandie, ambaye siku hizo alikuwa mtu wa kununa kwa sababu ya nyonga, alimwambia aache kuharibu wimbi wa watoto. Akaacha kwa muda.

Kisha siku moja alipanda mzinga wa zamani uliokuwa umesahauliwa. Ndani yake alimkuta mjusi. Inaonekana aliingia, nyuki wakamuua, na kwa kuwa hawakuweza kumtoa, wakamfunika mwili mzima kwa gundi yao na nta. Alikuwa amekauka, mzima, hana hata harufu. Tapkigen alikaa pale juu ya tawi, nyuki wakimuuma, akimgeuzageuza yule mjusi. Feruzi aliyekuwa chini alidhani amepatwa na kizunguzungu.

Wakati ule watu wakishakamua asali walitupa nta. Yeye akaanza kuiokota kila boma. Akaiyeyusha kwenye chungu, akachovya matonge yake. Nta ikipoa ilipasuka. Akachovya mara mbili, ikapasuka. Alijaribu majivu, alijaribu utomvu wa miti, mpaka alipotia mafuta ya kondoo kidogo na kuchovya mara tatu, akingoja kila safari ipoe, ndipo ikashika. Tonge moja akalizamisha kwenye mtungi wa maji na kuliacha humo mwezi mzima. Siku ya kulivunja alimpa Kandie aonje wa kwanza. Kandie akauma, akatafuna, akameza. Halafu akanyoosha mkono apewe nusu iliyobaki.

Usidhani ninakusimulia ngano, Jebet. Mimi nimeyatengeneza hapa. Wimbi nilinunua kwenye duka la Waganda, nta nikapata kwa Myemeni anayeuza asali, na mafuta ya kondoo hapa si tatizo. Stacy alilalamika kwamba chumba kinanuka kama kanisa lililofungwa. Nilimpa Benard, kijana wa Bomet anayelinda geti la kiwanda mahali ambapo hakuna duka wala jiko. Ijumaa iliyofuata alinitafuta Mesaimeer katikati ya watu.

“Senge, hii kitu imenishika tumbo mpaka jioni,” akaniambia. “Niletee ingine mbili. Khalas, nimeachana na biskuti.”

Sasa kila Ijumaa naenda na mfuko, na hakuna siku umerudi na kitu. Ninapowaona wale vijana wanavunja nta kwa meno na kucheka, namshukuru mwanamke ambaye sikumwona hata siku moja.

Nirudi kwake. Msafara mwingine ulipokuja kuelekea kaskazini, Feruzi alijiunga nao, na Tapkigen akamfungia matonge matatu. Ikapita miezi saba. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini anatembea, na alikuwa na tonge moja mkononi. Akalivunja mbele ya mkuu wa msafara, kwenye maji baridi, akanywa nusu, nusu akampa mkuu wake. Mkuu akanywa yote, akauliza mpishi yuko wapi.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Tapkigen hakuiweza peke yake, akawaita wanawake wa mteremko ule, wakawa wanane. Wa kwanza kukubali alikuwa jirani yake Kimoi, rafiki yake tangu wasichana. Kila mmoja aliweka alama ya kidole gumba chake kwenye nta kabla haijakauka, ili tonge likiharibika ijulikane ni la nani, na likisifiwa vilevile. Nguo na shanga zilipokuja, Tapkigen alikataa kupokea kwa niaba ya wenzake. Alimwambia mkuu wa msafara ampe kila mwanamke mkononi mwake. Matonge yaliyo tayari waliyaweka kwenye pango kavu juu ya mteremko. Wale wanaume waliokuwa wakisimama chini ya mti kumcheka, sasa ndio waliomletea nta. Kogo alisema miaka hiyo hapakuwa na mtoto wa mteremko ule aliyelala bila kula.

Sasa nafika kwenye neno la mama mkwe wako.

Ilikuja sotoka, ng'ombe wakaisha. Halafu mvua zikakataa, na nzige wakala kidogo kilichoota. Kabla ya hayo yote, mkuu wa msafara alikuwa ameshawapa wanawake wote nane nguo na mbuzi, ili akirudi akute pango limejaa. Pango lilijaa kweli. Lakini yeye hakuonekana. Msimu ukapita, mbuzi wakaliwa, na watu wakaanza kuchemsha ngozi.

Wenzake wengine waliogopa bunduki za msafara. Tapkigen hakungoja mkutano. Asubuhi moja alipanda mteremko, akaondoa mawe mlangoni mwa pango, na kila nyumba ikapata tonge lake, watoto kwanza. Akafanya hivyo siku baada ya siku. Matonge yalipofika karibu nusu, msafara ukatokea.

Feruzi ndiye aliyetangulia kupanda. Kogo alisema alipanda akishikilia majani kwa mikono. Msafara ulikuwa umetoka kaskazini na mizigo ya pembe, na kila mahali walipopita walikuta njaa imewatangulia. Wanawake walikuwa wamesimama mbele ya pango.

“Mama,” Feruzi akamwambia Tapkigen, “wenzangu themanini wamelala kule chini. Mkuu anasema chakula ni chake. Mimi sikuja na maneno hayo. Mimi nakwambia tunakufa.”

Kimoi akasema, “Hao wakifa, watakufa watu wa mbali. Wetu wakifa, tutawazika sisi.”

“Wamekwisha kufika hapa,” Tapkigen akasema. “Si wa mbali tena.”

Akagawa yaliyobaki sawasawa, nusu akawapa wapagazi, nusu ikabaki pangoni. Kimoi hakukubali, aliondoka pale kabla kazi haijaisha. Wapagazi wakala, wakapata nguvu ya kusimama, wakaenda zao pwani. Siku ile Tapkigen hakupokea hata ushanga mmoja. Lakini ni kweli kwamba alikuwa amepokea mwanzoni, yeye na wenzake, na Kimoi akiwamo.

Mvua zilichelewa kuliko alivyofikiri. Pango likawa tupu, na zikapita kama siku ishirini kabla ya mboga za kwanza kuota. Katika siku hizo watoto watano walikufa kwenye mteremko ule. Mmoja alikuwa binti wa Kimoi. Mwingine alikuwa kitinda mimba wa Tapkigen mwenyewe.

Ndiyo sababu nilichelewa kukujibu. Nilitaka nikuandikie kwamba alikuwa shujaa, na kalamu ikagoma kila nilipofika hapo. Kogo aliwahi kumuuliza, wakati Tapkigen ameshakuwa kizee, kama angefanya vilevile tena. Uji ulipoa mkononi mwake kabla hajajibu. “Sijui,” alisema. “Wote niliwajua kwa majina.”

Misafara haikurudi tena, reli ilipita kwingine. Hata ingerudi, nadhani asingeiuzia. Mvua ziliponyesha na wimbi ukavunwa, alianza tena kuchachusha, kukaanga na kuchovya, na kila nyumba iliyotaka ikaleta sehemu yake pangoni. Mlango haukuwa na mwenyewe. Miezi ya njaa ikifika, mwenye watoto alipanda akachukua. Kogo alipoolewa alilikuta pango hilo bado linajazwa, na yeye mwenyewe alishawahi kupanda kuchukua mwaka wa ukame.

Lakini Kimoi alikaa miaka tisa bila kumsemesha Tapkigen. Wakikutana mtoni aligeuza uso. Tapkigen hakumlazimisha. Kila msimu aliweka kikapu mlangoni kwa Kimoi, na kila msimu kikapu kilirudishwa na watoto kama kilivyokwenda.

Mwaka wa kumi, asubuhi, Kimoi akaja na ungo wa matonge yake mwenyewe, akakaa chini bila salamu.

“Yangu nta haishiki,” akasema. “Wewe ulikuwa unachanganya vipi?”

“Mafuta ya kondoo. Kidogo.”

“Nilitia mengi.”

“Mengi yanalainisha. Lete hapa.”

Wakachovya pamoja mpaka jua likawa utosini. Jina la mtoto halikutajwa na hakuna aliyeomba msamaha, ila Kogo aliambiwa kwamba wote wawili walikuwa wakilia huku wakifanya kazi, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Tangu siku hiyo walilitunza pango wote wawili. Kimoi alipofariki, Tapkigen alinyoa nywele kama mtu aliyefiwa na dada wa tumbo moja.

Kimoi huyo ndiye aliyemzaa mzazi wa baba mkwe wa Mama Mutai. Nadhani ulikuwa hujui. Mama mkwe wako alipoolewa nyumba ile aliikuta habari ya yule binti aliyekufa, naye akaibeba kwa uaminifu kama alivyopewa. Usimchukie kwa aliyoyasema siku ya jina. Alikuwa anamtetea mtoto ambaye hakuna mwingine wa kumtetea.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe, na hao watoto watano sikuwaficha. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye ule ungo wa matonge akasema, “Ngoja. Rudia hapo.” Nikarudia.

“Ya mtoto niliambiwa,” akasema. “Ya kukaa pamoja, hakuna aliyeniambia.”

Kisha akaniuliza mafuta ya kondoo ni kiasi gani kwa chungu kimoja, nami nikamweleza. Ameniomba nikuambie kwamba Jumamosi ya tarehe 22 atashuka kwako Kabarnet, usimpikie kitu. Kuhusu jina sikumuuliza, naye hakulizungumza. Ila tukiwa tunaagana akasema, “Na Tapkigen, analala vizuri?” Nikamjibu kwamba analala vizuri, na simu ilikuwa imeshakatika nilipogundua amesema nini.

Uamuzi ni wako na Mutai. Mkitaka kumwita jina jingine, mimi sitanuna. Mkimwita Tapkigen, basi mwambieni mambo yote, na yale ya siku ishirini msiyaruke.

Jebet, kuna jambo jingine, nami nimekuwa nikilizunguka tangu Machi. Mama yangu alipokuwa mgonjwa, nilikuwa huku. Niliomba ruhusa mara mbili nikanyimwa, na mara ya tatu niliipata siku nne baada ya kuzikwa. Wewe ulikuwa na kazi yako ya hospitali, na tumbo ndiyo kwanza linaanza, lakini miezi minane ulimwosha, ulimgeuza, ulimlisha kwa kijiko. Kwenye simu kila nikitaka kukushukuru naishia kukuuliza bei ya mahindi.

Kiprono ameniambia kitu ambacho wewe hukuniambia. Amesema wiki zile za mwisho mama hakuwatambua tena watu, na alikuwa akikuita Rael. Kila alipoita, “Rael, umerudi?”, wewe ulimjibu, “Nimerudi, mama, niko hapa.” Hukumsahihisha hata mara moja. Amesema siku aliyofariki alikuwa amekushika kidole, na alilala akiwa ameridhika kwamba binti yake amefika.

Mimi sikufika. Ulifika wewe kwa niaba yangu, ukaitika kwa jina langu, na mama akaenda akiwa na amani. Sijui mtu analipaje kitu kama hicho, na sitajaribu. Nataka tu ujue kwamba nimeambiwa.

Nisalimie Mutai, na Kiprono, mwambie aache kunywa soda asubuhi. Mpe mama mkwe wako heshima zangu. Stacy na Benard wanakusalimu ingawa hawakujui. Mbusu mtoto kwenye nyayo, zote mbili.

Mungu akujaze nguvu mgongoni na maziwa kifuani, akulindie nyumba yako, na mikono yako isikose wa kuitunza siku utakapochoka.

Ni mimi senge yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Rael